"Rock bottom" siyo kugonga mwamba

Msomaji kauliza: "Nilikuta mtu kaandika 'I hit rock bottom', nikatafsiri 'niligonga mwamba', mwenzangu akacheka sana. Nani kakosea hapo?"

Umekosea wewe, ila nakuelewa, maana maneno yote yapo, hit si ndo kugonga na rock si ndo mwamba? Shida ni kwamba msemo wa kugonga mwamba tunao tayari na una kazi yake. Mazungumzo yamegonga mwamba, mpango wa kuuza nyumba umegonga mwamba, yaani jambo lilikuwa linakwenda likakwama, kama jahazi linakata maji vizuri tu mara paa, mwamba huo mbele. Kesho mnaweza kukaa tena mkaendelea.

Mwamba wa Kiingereza hauko mbele, uko chini. Mtu anachimba shimo, anatoa udongo, anatoa kokoto, anashuka weee mpaka sururu inalia ngaa na mikono inakufa ganzi, basi hapo kafika kwenye mwamba wenyewe, hapachimbiki tena. Kwa hiyo anayesema ka-hit rock bottom anakwambia kazi imekwenda, ndoa imekwenda, pombe imemmaliza, na pa kushuka zaidi hapana. Walioacha ulevi wanaupenda sana msemo huu kwa sababu ukishafika huko njia iliyobaki ni kupanda tu, na hiyo ladha ndo inapotea ukiandika kugonga mwamba.

Mimi ningeandika "nilifika chini kabisa", au nikitaka iume kidogo, "nilishuka mpaka pa kushuka pakaisha". Kuna "kufulia" la mtaani, linakaribia, ila lina harufu ya pesa na umaarufu, mtu kafiwa kakata tamaa ya maisha huwezi kusema kafulia, utaonekana huna adabu. "Maji yamenifika shingoni" nayo hapana, huyo kichwa bado kiko nje.

Ukiikuta "rock bottom" kwenye bei, kama "rock-bottom prices", wala usihangaike, hakuna msiba hapo, ni bei ya kutupa. Halafu kuna "all-time low" ambayo watu wanaichanganya na hii, hiyo ni ya takwimu zaidi: thamani ya sarafu iko chini kuliko wakati wowote, na kesho inaweza ikashuka tena ikavunja rekodi yake yenyewe.