Yaya, Prius haichomekwi kwenye umeme
Unauliza utaichaji wapi na SNEL hii yetu, shirika la umeme? Usiwe na wasiwasi, Prius ya kawaida, gari la Toyota lenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, haichomekwi popote. Betri inajazwa na injini, na pia kila unapofunga breki. Hapa Bukavu ukishuka kutoka Kadutu inajichaji yenyewe. Kupanda ndiko inakokunywa mafuta. Nafuu ya mafuta utaiona zaidi kwenye msongamano wa mjini kuliko safari ndefu ya mwendo mmoja.

Kabla ya kutoa dola zako, inama kando ya kiti cha nyuma: kuna tundu linalovuta hewa ya kupoza betri. Ukilikuta limejaa vumbi, huenda betri imeshateseka, hapo shusha bei au ondoka. Halafu gari lenyewe liko chini, karibu na ardhi, na barabara zetu unazijua.