Bure ya mwanafunzi si bure ya kampuni

Wiki hii waandishi wa programu wameniandikia kwa wingi, na karibu wote wanauliza jambo moja kwa njia tofauti: programu ya kuandikia msimbo, nitumie ya bure au nilipie? Nimechagua maswali matano.

Ndiyo kwanza naanza lugha ya programu ya Python, na laptop yangu ina RAM ya GB 4. Nitumie ipi? (Mwanafunzi, Mbeya)

Visual Studio Code. Ni ya bure tangu Microsoft ilipoitoa mwaka 2015, na kwa mashine yako itakuwa nyepesi kuliko PyCharm, programu nyingine ya kuandikia Python. Weka kiendelezi (nyongeza ndogo ya programu) cha Python tu, vingine viache mpaka uvihitaji. Usilipie chochote kwa sasa.

Nimeambiwa Android Studio ya bure, ya kutengenezea programu za simu za Android, ni ya kujifunzia, ukianza kulipwa na wateja unatakiwa kuinunua. Ni kweli? (Kisumu)

Hapana. Ni ya bure kwa kila mtu, hata kwa kazi ya biashara. Gharama utakutana nazo kwingine: akaunti ya kuchapishia Google Play ni dola 25, unalipa mara moja. Kwa upande wa Apple ni dola 99 kila mwaka, na Xcode, programu yao ya kuandikia msimbo, ingawa ni ya bure, haifanyi kazi bila Mac. Kama una akiba, ongeza RAM. Android Studio na emuleta yake (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) zikifunguka pamoja kwenye GB 8, utaona mwenyewe mashine inavyohema.

Kampuni yetu ina waandishi sita na sote tunatumia Visual Studio Community, toleo la bure la Visual Studio ya Microsoft. Mteja ameomba kuona leseni. Tuko salama? (Dar es Salaam)

Wa sita hayuko salama. Masharti ya Community yanaruhusu watu wasiozidi watano katika kampuni ndogo. Kampuni yenye kompyuta zaidi ya 250, au mapato yanayozidi dola milioni 1 kwa mwaka, hairuhusiwi kabisa, isipokuwa kwa kufundishia darasani, utafiti wa kitaaluma au miradi ya chanzo huria (ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote). Mnunulieni huyo mmoja leseni ya Professional, toleo la kulipia, kabla hamjamjibu mteja.

Msikimbilie Visual Studio Code mkidhani mmekwepa. Programu yenyewe haina shida, lakini kiendelezi chake cha lugha ya C#, kiitwacho C# Dev Kit, kinafuata masharti yale yale ya Community. Rider, programu ya kampuni ya JetBrains ya kuandikia C#, nayo imekuwa ya bure tangu Oktoba 2024, ila kwa matumizi yasiyo ya kibiashara, na ninyi mnafanya biashara. Nawaomba sana, someni leseni ya kila kiendelezi, maana hapo ndipo wengi wanaponaswa.

Rafiki amenipa IntelliJ, programu ya JetBrains ya kuandikia Java, iliyokrakiwa (iliyovunjwa leseni), na inafanya kazi vizuri. Ubaya uko wapi? (Mwanza)

Ndugu yangu, iondoe leo. Mimi niliwahi kuweka programu ya namna hiyo. Maelekezo yake yalianza hivi: zima antivairasi, kisha nakili faili hili kwenye folda ya programu. Nikafanya. Siku chache baadaye mtu nisiyemjua aliingia kwenye seva ya mteja kwa ufunguo wa kidijitali uliokuwa kwenye mashine yangu. Nilikesha usiku mbili nikibadilisha nywila na funguo zote, na mteja sikumpata tena.

Kama bado unasoma, JetBrains wanatoa leseni ya bure kwa wanafunzi na walimu, unaihuisha kila mwaka. Kama umemaliza, yako matoleo ya bure ya halali.

Basi ni lini inafaa kulipia? (Arusha)

Pale saa unazookoa zinapokuwa saa unazolipwa. Chukua mfano wa mradi wa Java wa mfumo wa mikopo. Unabadilisha jina la safu wima ya jedwali la hifadhidata, kutoka "riba" kuwa "riba_mwezi". Ndani ya msimbo hakuna tatizo, kihariri chochote kizuri kitalifuatilia jina. Lakini jina hilo hilo limo ndani ya maandishi ya SQL (lugha ya kuzungumza na hifadhidata) katika mafaili mengi, na huko tafuta-na-badilisha inagusa hata neno lisilohusika. IntelliJ IDEA ya kulipia, ukiiunganisha na hifadhidata, inaisoma SQL iliyo ndani ya alama za nukuu na kukuonyesha safu isiyokuwepo kabla hujaendesha chochote. Kwa anayefanya kazi hiyo kila siku, mimi ningelipa bila kusita. Kwa anayetengeneza tovuti ndogo mbili kwa mwaka, nisingemshauri.

Itumie kwanza siku 30 za majaribio kwenye mradi wako halisi. Ukilipia miezi 12 mfululizo kisha ukaacha, JetBrains wanakuachia uendelee na toleo lililokuwepo mwaka huo ulipoanza. Na hata ukilipa, hakikisha mradi unajengeka kwa Maven au Gradle, zana za bure za kujenga mradi, kutoka kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), ili mwenzako asiye na leseni aweze kuufungua na kuendelea.