Kabla ya kupandisha volti, uliza tyubu yako inaona rangi gani

Mwenzangu wa maabara hapa Mbeya akilalamika kwamba PE-Cy7, rangi ya kung'aa inayobandikwa kwenye seli, haionekani kwenye flosaitometa, mashine inayopima seli moja moja kwa mwanga, mkono wake tayari uko kwenye volti. Mimi humuuliza kwanza: tyubu ya fotomaltiplaya, yaani kihisi cha mwanga kilichofungwa pale, ina fotokathodi (uso unaopokea mwanga) ya aina gani?

Fotoni ikigonga fotokathodi, ama inang'oa elektroni ama haing'oi. Volti hukuza zilizong'oka tu, hata mara milioni. Fotoni iliyopotea mlangoni hairudi. Na mwanga wa nanomita 780, unaotoka kwenye PE-Cy7 na dada yake APC-Cy7, una nishati ndogo, kama elektronivolti 1.6. Fotokathodi ya aina ya baialkali, hodari karibu na nanomita 400, hapo ni kama kipofu. Aina ya maltialkali ya kawaida hufika 850 hivi, ila kwa kuchechemea. Zilizoboreshwa upande wa mwanga mwekundu, kama tyubu ya R3896 ya Hamamatsu, hufika 900.

Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha kilele cha grafu, shuka naye mpaka urefu wa wimbi unaouhitaji wewe. Hata tyubu mbili za modeli moja hutofautiana, hasa upande huo wa mwekundu. Ukiwa nazo kadhaa, inayoona mbali zaidi ipewe chaneli ya 780. FITC, rangi ya kijani, itaridhika na yoyote.

Kuzipima tyubu, tumia shanga hafifu, yaani vichembe vya plastiki vyenye rangi kidogo. Shanga kali hung'aa kwenye tyubu yoyote na kukudanganya. Tazama pengo kati ya shanga hafifu kabisa na ile isiyo na rangi: ukipandisha volti na zote mbili zikapanda pamoja, hujapata kitu.

Tyubu inayoona mwekundu ina kelele zaidi gizani, kwa sababu joto peke yake huweza kung'oa elektroni. Watu hutania kwamba baridi ya Uyole mwezi Julai ni friji ya bure. Mashine hujipasha yenyewe ndani, usiitegemee.

Kama kazi yako ni kuhesabu seli za kinga za CD4 tu, kwa FITC, PE, PerCP na APC, usitupe hela: vilele vya mwanga wa rangi hizo huishia karibu na 680, na maltialkali ya kawaida inatosha. Ila kama unanunua mashine mpya na paneli zako (seti za rangi unazotumia pamoja) zimejaa Cy7, ulizia pia zenye fotodayodi za silikoni badala ya tyubu, kama mashine ya CytoFLEX. Karibu na 800 silikoni huziacha fotomaltiplaya mbali sana.