Barakoa na mzio wa pua: chafya zimepungua, mbona kamasi zinachuruzika?

SWALI: Habari daktari. Nina mzio wa pua kwa miaka mingi. Nikifagia au kukung'uta mashuka nikiwa na barakoa, chafya hupungua sana, ila macho yanawasha vilevile. Tena nikiivaa kwa saa nyingi, kamasi zinachuruzika. Barakoa inanisaidia au inaniongezea tatizo?

JIBU: Yote mawili, ila kila moja lina sababu yake.

Tuanze na chafya. Chavua nyingi zina upana wa maikromita 10 hadi 100 (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Kinyesi cha utitiri wa vumbi, ambacho huenda ndicho kinachokuchokoza unapokung'uta mashuka, ni kati ya 10 na 40. Kwa barakoa ya kawaida ya hospitali hayo ni mapande makubwa, hunaswa kabla ya kufika puani. N95, barakoa nzito inayobana uso, huchuja angalau asilimia 95 ya chembe za maikromita 0.3, lakini kwa vumbi la kufagia sioni haja ya kujibana nayo. Mzio wa paka ni habari nyingine: baadhi ya chembe zake ni ndogo mno na huelea hewani kwa saa kadhaa, hivyo barakoa iliyoachia mashavuni haisaidii sana.

Faida nyingine ni joto na unyevu wa pumzi yako mwenyewe, kwani hewa baridi na kavu huichokoza pua yenye mzio. Mwaka 2020, wauguzi wa Israel wenye mzio wa pua walieleza kupata nafuu walipovaa barakoa, iwe ya kawaida au N95. Macho hayakunufaika hivyo, jambo lisiloshangaza maana yako wazi. Vaa miwani inayoziba pembeni unapofagia.

Sasa kamasi. Barakoa iliyolowa, nyuzi zinazonyonyoka, au manukato ya sabuni uliyofulia huiwasha pua. Huo mara nyingi ni mwasho tu, si mzio, ndiyo maana vidonge vya mzio huenda visiufanyie kitu. Badilisha barakoa ikilowa; ya kitambaa ifue kwa sabuni isiyo na manukato na uisuuze vizuri.

Angalia pia unavyoivua. Wengi huishusha kidevuni mara tu wakiweka ufagio chini, wakati vumbi bado liko hewani. Toka kwanza chumbani, ishike kwa kamba zake, kisha nawa mikono kabla ya kujifikicha macho. Upande wa nje umebeba vumbi lote ulilolikwepa.

Kama pua inaziba hata siku usizofagia, barakoa peke yake haitoshi. Muulize daktari wako kuhusu dawa ya steroidi ya kupuliza puani. Hutumiwa kila siku, na nguvu yake kamili inaweza kuchukua hata wiki mbili kuonekana, kwa hiyo usiiache siku ya tatu. Elekeza ncha ya chupa upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati ya pua, usije ukatokwa damu. Na kifua kikianza kubana au kutoa mlio kama filimbi, nenda ukapimwe pumu.