Maswali ya Wasomaji: Je, Baridi Ndiyo Inayopunguza Kaboni-13 katika Planktoni?

SWALI: Nimesoma kwamba vijimea vya planktoni, yaani vimelea vidogo mno vya mimea vinavyoelea majini, katika Bahari ya Kusini, inayoizunguka Antaktika, vina kaboni-13 kidogo kuliko vile vya bahari za tropiki. Je, sababu ni baridi?

JIBU: Baridi inahusika, lakini si moja kwa moja. Katika kila atomu 1,000 za kaboni, takriban 11 tu ndizo kaboni-13. Karibu zote zilizobaki ni kaboni-12, iliyo nyepesi zaidi. Rubisko, kimeng'enya kinachonasa kaboni dayoksaidi wakati wa usanisinuru, hupendelea molekuli nyepesi. Hata hivyo, anayechagua sharti awe na vya kuchagua. Gesi iliyoyeyuka majini inapokuwa tele, nyepesi hutumika na sehemu kubwa ya nzito hutoka tena nje ya seli. Inapokuwa haba, seli hutumia karibu yote inayoingia, nzito kwa nyepesi, na upendeleo ule hauonekani tena.

Maji baridi huyeyusha gesi nyingi kuliko maji yenye joto, na hapo ndipo baridi inapoingia. Kwa kipimo cha kimataifa cha uwiano wa kaboni-13 kwa kaboni-12, ambacho sifuri yake ilitokana na kisukuku cha chokaa cha Pee Dee, South Carolina, Marekani, planktoni ya tropiki huwa karibu na -20 kwa elfu, ilhali ya Bahari ya Kusini huweza kushuka hadi -28 au chini zaidi; kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo kaboni-13 inavyokuwa kidogo.

Ila asikudanganye mtu kwamba namba hiyo ni kipimajoto. Sampuli yenyewe ni duara la chujio la nyuzi za kioo lenye doa la kijani au la kahawia, ambalo huchomwa ili gesi yake ipimwe, na katika doa hilo huwamo mengi. Diatomu (vijimea vya seli moja vyenye ganda la silika) zilizo kubwa na zinazokua kwa kasi huhitaji kaboni nyingi, huku eneo la kuipitishia likiwa dogo likilinganishwa na ujazo wa seli, kwa hiyo huwa na kaboni-13 zaidi hata kwenye maji yaleyale ya baridi. Spishi nyingine huingiza bikaboneti, umbo jingine la kaboni iliyoyeyuka majini, ambayo tangu awali ina kaboni-13 nyingi kuliko gesi iliyoyeyuka.

Kuna pia mkono wetu. Makaa ya mawe na mafuta yametokana na viumbe vya kale vilivyopendelea kaboni nyepesi vilevile, na kaboni dayoksaidi ya moshi wake inaendelea kuingia baharini na kupunguza kaboni-13 iliyomo. Anayelinganisha sampuli za miaka ya 1960 na za leo hana budi kuondoa kwanza athari hiyo katika hesabu zake.