Papi kachomwa sindano moja tu, naweza kumtoa nje?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Kimara, Dar. Tumewaletea watoto papi dume wa wiki 7, muuzaji kasema kashachomwa sindano kwa hiyo hana shida. Ila papi wa jirani alikufa miezi miwili iliyopita, aliharisha damu siku mbili tu akaisha, na watoto wanataka kwenda nae dukani na uwanjani kila saa. Baba mkwe anasema zamani mbwa walikuwa hawachanjwi na walizeeka vizuri tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama, pole. Hofu yako iko sahihi kabisa, huyo papi bado hayuko salama, sindano moja kwenye wiki 7 ni mwanzo tu.

Iko hivi, papi akinyonya yale maziwa ya kwanza anapata kinga ya mama yake, na hiyo kinga inapungua polepole, kwa mmoja inaisha wiki ya 8, mwingine anaenda nayo mpaka wiki ya 14 au zaidi, na kwa kumwangalia tu huwezi kujua. Sasa kinga ya mama ikiwa bado ipo inaizima chanjo, sindano inaingia mwilini haifanyi kitu, alafu kuna siku kadhaa kinga imeshuka haiwezi tena kuzuia ugonjwa lakini bado inatosha kuizuia chanjo, na hapo ndipo mapapi wengi wanapotuponyoka mikononi. Ndio maana tunarudia kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, sio kwamba daktari anatafuta hela. Wako hesabu wiki ya 10, ya 13 na ya 16. Ya kichaa cha mbwa ni sindano yake peke yake, akifikisha miezi 3.

Na huyo muuzaji muombe kadi ya chanjo yenye stika iliyobanduliwa kwenye kichupa na tarehe. Kama hana kadi hesabu kwamba hajachanjwa. Chanjo hizi zinatakiwa zikae kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, ikizungushwa mfukoni kwenye joto letu hili unachoma maji.

Baba mkwe hajadanganya jamani. Parvo, ugonjwa wa virusi unaowaharisha mbwa damu, ambayo kwa unavyoeleza ndio ninayoihisi kwa papi wa jirani, ilikuwa haijulikani kabla ya 1978, ndani ya miaka kama 2 ikawa imezagaa dunia nzima, kwa hiyo mbwa wa utoto wake kweli hawakuwa nayo. Wa leo wanayo, mweleze hivyo hivyo kwa heshima atakuelewa.

Ubaya wa parvo ni kwamba sio lazima papi akutane na mbwa mgonjwa. Virusi vinatoka kwenye kinyesi, vinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na vinaingia kwako kwa viatu vya mtu yeyote aliyekanyaga. Viatu vya nje viishie mlangoni, wageni pia, na watoto wakitoka kucheza kwa jirani wanawe kwanza. Papi akae ndani au kwenye baraza ya sakafu, sio kwenye mchanga wa uani. Sakafu na vyombo vyake osha kwanza kwa sabuni mpaka uchafu uishe, maana uchafu unaua nguvu ya Jik, alafu pitisha Jik kikombe 1 kwenye vikombe 20 vya maji, acha dakika 10 ndio usuuze (usichanganye na dawa ya choo, inatoa hewa mbaya sana). Sabuni peke yake haiui parvo, spiriti nayo haiwezi.

Lakini usimfungie kama mfungwa, umri huu ndio anazoea watu, pikipiki, kelele. Watoto wambebe mikononi waende nae dukani, asikanyage chini tu, na asinuswe na mbwa wa mtaani. Hata kwa daktari mpakate, usimuweke sakafuni.

Dawa ya minyoo mpe sasa, kila wiki 2 mpaka wiki ya 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Minyoo anazaliwa nayo huyo, na baadhi inaingia kwa watoto wako, kwa hiyo wanawe mikono. Kupe kila jioni angalia masikioni na katikati ya vidole.

Akikataa kula, akatapika, akapoa, usisubiri damu. Siku hiyo hiyo mpeleke, piga simu kwanza ili asikae foleni na mapapi wengine. Usimpe dawa za maumivu za binadamu wala za kufunga kuharisha. Hakuna kidonge cha kuua parvo, kinachomuokoa ni dripu na uangalizi mpaka mwili wake upambane, na kila saa unayochelewa maji yanazidi kumuishia.

Alafu muulize jirani yule papi wao alifukiwa wapi na alikuwa anajisaidia upande gani. Kama ni karibu na uzio wenu, upande huo papi wako asiukanyage kabisa mpaka ipite kama wiki 1 au 2 baada ya sindano ya wiki ya 16.