Ukipewa namba kubwa usikimbilie kugawanya, mfano 4294967297

Nyie mnaoanza mambo ya namba, nawaona sana, mtu akipewa namba ndefu anavamia tu na 3, 7, 11, 13 mpaka kalkuleta inaomba poo. Mi nashauri kwanza uliza namba imetokana na nini. Chukua hii 4294967297. Ni witiri inayoishia na 7 kwahiyo 2 na 5 nje, tarakimu zake zinajumlika 59 kwahiyo 3 nje, 11 nayo haiingii. Basi, vipimo vya shuleni vimeisha hapo. Ukiendelea kwa staili hiyo inabidi upime hadi kipeuo chake cha pili, ambacho ni kama 65536, na namba tasa zilizo chini ya hapo ziko 6542, utakesha.

Sasa ukishtuka kwamba hii ni 2 kipeo cha 32 jumlisha 1, mambo yanabadilika. Mwanahisabati Fermat aliona 3, 5, 17, 257 na 65537 zote ni tasa akaamini na hii inayofuata itakuwa tasa (jamaa alikuwa kichwa kweli ila hapa alichemka), mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaja kuonyesha ni 641 × 6700417. Na Euler huyohuyo ndo alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii ukikigawa kwa 64 lazima kibaki 1. Kwahiyo unajaribu 193, 257, 449, 577, 641, ya tano tu umeshampata! Hata 6700417 kujua kama ni tasa unapima hadi 2588 basi (ndo kipeuo chake cha pili), na kuanzia 641 tasa zinazobaki 1 ukizigawa kwa 64 ni saba tu. Zote zinagoma, ni tasa.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba unaweza kuhakiki bila kugawanya kabisa, shika peni ufuate. 641 ni 5×2⁷+1, pia ni 5⁴+2⁴. Ya kwanza inakwambia 5×2⁷ kwa 641 ni sawa na −1 (hapa "sawa" maana yake namba mbili zinapishana kwa kigawe cha 641), ipandishe kipeo cha 4 upate 5⁴×2²⁸ ni sawa na 1, halafu ile ya pili inasema 5⁴ ni sawa na −2⁴, ibadilishe hapo unabaki na −2³² sawa na 1, maana yake 2³²+1 ni sawa na 0, yaani 641 inaigawa bila baki. Imeisha hiyo. Rudia mara mbilimbili mpaka iingie, usikariri.

Wa programu sasa, namba hii haiingii kwenye biti 32, ukiiweka kwenye namba nzima ya biti 32 isiyo na hasi inajikunja inakuwa 1, halafu unakaa unatafuta vigawo vya 1 huku unalaumu kodi (code) ya programu yako. Weka biti 64.